Kauli ya Kutendua: Uso, Sindano na Lugha ya Ndita

Katika sarufi ya Kiswahili imo kauli moja ambayo aghalabu wanafunzi huipitia kwa haraka, wakakimbilia zile zenye mifano tele. Hiyo ni kauli ya kutendua. Aliyefunga hufungua, aliyeziba huzibua, aliyechomeka huchomoa, na aliyekunja hukunjua. Mkeka hukunjwa ukaegemezwa ukutani, kisha hukunjuliwa wageni wabishapo hodi. Uso wa binadamu nao, kwa mujibu wa lugha hii, ni mkeka wa aina hiyo: mwenyewe akikasirika huukunja, akipoa huukunjua. Kutokana na kitenzi hicho kimezaliwa kivumishi ambacho ni miongoni mwa sifa kubwa anazoweza kuvikwa mtu: mkunjufu. Mtu mkunjufu hakuwa kamwe yule asiye na alama usoni. Bibi wa miaka tisini ambaye ngozi yake imejaa mistari kama shamba lililolimwa aweza kuwa mkunjufu kuliko binti yeyote wa kijiji chake, maadamu mgeni akimtazama huona kwamba amekaribishwa.

Aidha, Kiswahili kinatenga mambo mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya. Ziko ndita, nazo ni mikunjo ya kipaji cha uso inayokuja na kwenda kwa amri ya moyo. Yako pia makunyanzi, ambayo huletwa na miaka, jua na upepo, nayo hayana haja ya kuamriwa na mtu. Ndita ni tamko. Makunyanzi ni kumbukumbu. Cha kustaajabisha ni kuwa madaktari wa ngozi wa leo hugawa mistari ya uso vivyo hivyo: ile inayoonekana misuli inapojivuta, na ile inayobaki hata mwenyewe akiwa usingizini. Kati ya makundi hayo mawili ndipo ilipojipenyeza sindano ambayo jina lake la kibiashara, Botox, limeenea duniani kote hata likageuka kuwa kitenzi vinywani mwa watu. Sindano hiyo hukunjua uso bila ya kuuliza moyo. Imekuwa kauli ya kutendua iliyotiwa ndani ya chupa, na huuzwa hata katika kliniki za Nairobi. Inafaa basi itazamwe ilikotoka, inavyofanya kazi, na kile inachokigusa kinapoguswa kipaji cha uso.

Habari zake zinaanza kwa mshairi. Justinus Kerner, aliyezaliwa mwaka 1786, alikuwa daktari wa serikali katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wasomi wa fasihi ya Kijerumani humkumbuka kwa tungo zake, ambazo baadhi yake zilitiwa muziki na Robert Schumann mwaka 1840. Wasomi wa tiba humkumbuka kwa soseji. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, wanakijiji wa eneo lake walikuwa wakifa baada ya kula soseji zilizohifadhiwa vibaya. Kerner alikusanya visa hivyo kimoja kimoja, na katika kitabu chake cha mwaka 1822 alikuwa amefikisha 155. Alieleza kwa makini ya mtunzi: kope zikilegea, macho yakiona kitu kimoja kama viwili, kinywa kikikauka, koo likikataa kumeza, pumzi ikipungua, ilhali akili ya mgonjwa imebaki timamu ikishuhudia mwili unavyomwasi. Hakutosheka na kuwatazama wengine. Alichuja sumu hiyo kutoka kwenye soseji zilizooza, akaonja matone yake, akaandika jinsi koo lake lilivyokauka. Kisha akatoa wazo lililopita wakati wake: kwamba sumu hii ya kulegeza, ikitolewa kwa kipimo kidogo mno, huenda ikawa dawa ya maradhi yale ambayo mishipa hutetemeka na kuruka bila kuamriwa. Kerner alifariki mwaka 1862. Wazo lake lilingoja zaidi ya miaka mia moja kupata mwenye kulitekeleza.

Jina la ugonjwa wenyewe limebeba soseji hizo hadi leo, kwani neno botulus katika Kilatini lina maana ya soseji. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1895 katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji. Wanamuziki waliokuwa wamepiga ala mazikoni walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Wengi waliugua na watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem alilichunguza paja hilo na miili ya marehemu, akagundua bakteria ambao hustawi pasipo na hewa. Bakteria hao hupatikana udongoni kila mahali, na Afrika Mashariki haikusazwa. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mkurupuko wa ugonjwa huo nchini Kenya, uliowapata watu waliokuwa wamekula kumbikumbi. Sumu inayosifiwa kwenye mabango ya urembo ndiyo hiyo hiyo iliyoviziwa ndani ya kitoweo. Wataalamu huiweka miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana.

Vipi basi sumu ya namna hiyo ikaishia usoni mwa watu kwa hiari yao? Ili msuli ujikunje, neva sharti iupelekee ujumbe. Tarishi wa ujumbe huo ni kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hukaa katika vijaluba vidogo mwishoni mwa neva, ikingoja kufunguliwa mlango. Sumu ya botulini huingia ndani ya neva na kukata protini ambayo kazi yake ni kuufungua mlango huo. Neva haikufa, msuli haukufa, na tarishi yupo mzima na barua yake mkononi. Ila hakuna wa kumfungulia. Msuli hungoja amri isiyofika, na katika kungoja huko hulegea. Siku chache baada ya sindano ulegevu huanza, na kwa muda wa takriban wiki mbili hukamilika. Baada ya miezi mitatu au minne neva huwa imejitengenezea njia tena na ndita hurejea. Kipimo chenyewe ni kidogo ajabu: sumu halisi iliyomo katika chupa nzima ya dawa haifiki sehemu moja ya milioni ya gramu.

Aliyeitimiza ndoto ya Kerner alikuwa Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, Marekani. Alitafuta njia ya kuyatibu makengeza bila kisu. Msuli mmoja wa jicho ukivuta kupita kiasi, aliwaza, mbona usilegezwe kidogo ili jicho lirudi mahali pake? Alianza kwa nyani, akachapisha matokeo yake mwaka 1973, kisha akaendelea kwa binadamu. Mwaka 1989 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa maradhi ya kope zinazojifunga zenyewe. Hadi hapo hakuna aliyezungumzia urembo katika idhini hizo. Zilizungumzia watu ambao walikuwa wakigonga kuta kwa kuwa macho yao hayakubali kufunguka, nao wakaweza tena kusoma na kuvuka barabara.

Hata hivyo, mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1987, neno moja la mgonjwa lilikuwa limekwisha kugeuza mkondo. Daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akimtibu mwanamke mwenye maradhi hayo ya kope. Siku moja mwanamke yule alilalamika kuwa hakudungwa kwenye paji la uso. Daktari akamweleza kwamba pale hapakuwa na mshtuko wowote wa misuli. Mgonjwa akasema kuwa kila anapodungwa pale, uso wake huonekana umetulia. Jioni daktari alimsimulia mumewe, Alastair, aliyekuwa daktari wa ngozi na ambaye wateja wake walikuwa wakimsumbua kwa habari za ndita. Mwaka 1992 wawili hao walichapisha ripoti yao ya kitaaluma. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ndita za katikati ya nyusi. Mwaka 2013 kwa mistari ya pembeni mwa macho. Mwaka 2017 kwa mistari ya paji la uso. Na mwaka 2024 kwa kamba za misuli zinazojitokeza shingoni. Sindano ilianza kwa jicho, ikapanda kwenye nyusi, kisha ikateremka hadi shingoni.

Hiyo sindano ya shingo na taya imepewa na baadhi ya madaktari jina la Nefertiti, malkia wa Misri ya kale ambaye sanamu yake, iliyofukuliwa Amarna mwaka 1912, imewekwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Shingo yake ndefu na taya lake lililonyooka vimekuwa kipimo cha wengi. Ila sanamu hiyo ina siri. Mwaka 2009 watafiti wa Berlin walitangaza walichokiona walipoipiga picha za ndani kwa mashine ya hospitali. Chini ya plasta ya nje umo uso mwingine uliochongwa katika jiwe la chokaa, na uso huo wa ndani una mikunjo pembeni mwa mdomo na kinundu kidogo puani. Fundi, au aliyemtuma, aliipaka plasta juu yake akayalainisha hayo yote. Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ndani kipande cha mti. Huu wa Nefertiti ndani ni kipande cha jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa limesema kweli. Tamaa ya kuulainisha uso haikuletwa na Wazungu wa karne hii wala na matangazo ya biashara. Ina umri wa zaidi ya miaka elfu tatu.

Kwa sababu hiyo si haki kuwacheka wanaodungwa, kana kwamba ni wapumbavu waliolaghaiwa. Wapo ambao ndita zao zimezoea kukaa hata wanapokuwa na furaha, nao huulizwa kila siku wamekasirikia nini. Wapo wanaofanya kazi ambazo uso ni sehemu ya mshahara. Wapo pia wanaoipata sumu hii kwa haja nzito zaidi: kwa kipandauso cha kudumu, kwa misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi, kwa jasho la kwapa lisilokoma. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliandika insha mwaka 1972 juu ya mizani miwili inayotumiwa kupima uzee wa mwanamume na wa mwanamke, na mizani hiyo haijavunjwa hadi leo. Mwanamume mwenye ndita husemwa kuwa ni mtu wa mawazo mazito. Mwanamke mwenye ndita zizo hizo hushauriwa apumzike. Anayemlaumu mwanamke huyo kwa kwenda kliniki angefaa kwanza aulize ni nani aliyemfikisha mlangoni.

Lakini uso si mali ya mwenyewe peke yake. Hili mwanafunzi wa fasihi simulizi analijua vyema, kwani katika mihadhara hufunzwa kuwa fanani hana sauti tu. Ana mikono, ana miondoko, ana ishara za uso. Mtambaji wa ngano akifikia pale zimwi linapobisha mlango, hadhira huliona zimwi katika nyusi zake kabla ya kulisikia katika maneno. Ngano hiyo ikinakiliwa kwenye karatasi, kitu cha kwanza kupotea ni uso wa msimulizi. Ndivyo ilivyo pia nyumbani. Mama mbele ya wageni hana haja ya kusema neno. Humkazia mwanawe macho na kukunja ndita kidogo, na mkono uliokuwa ukielekea sahanini hurudi wenyewe. Hapo pana sentensi kamili, yenye kiima, kiarifu na onyo. Msuli unaoikunja ndita ndio unaolengwa na sindano. Ukilegezwa, mama atabaki na macho na maneno, ila sentensi ile haitatamkika mpaka miezi mitatu ipite.

Zaidi ya hayo, uso husaidia kusoma, si kusema tu. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia, alidokeza kwamba kuachilia hisia ionekane huizidisha, na kuizuia isionekane huipunguza. Mwaka 2010 mwanasaikolojia David Havas na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa lugha wangefaa kuujua. Takriban wanawake 40 walisomeshwa sentensi za furaha, za huzuni na za hasira, kabla ya kudungwa katika msuli wa ndita na wiki mbili baadaye. Sentensi za furaha walizisoma kwa kasi ile ile. Zile za huzuni na za hasira ziliwachukua muda mrefu zaidi kuzielewa. Tofauti ilikuwa ndogo sana, na wanasaikolojia hawajaacha kubishana juu ya uzito wa ushahidi wa namna hii. Hata hivyo wazo lililomo linatikisa: kwamba msomaji anapokutana na sentensi ya msiba, kipaji cha uso wake hushiriki kuisoma. Anayeusoma msiba kwa uso usiokunjika huwa kama aimbaye na koo limefungwa.

Na kama ilivyo ada ya mambo mazito, sarafu hii ina upande wa pili. Mwaka 2012 watafiti wa Uswisi na Ujerumani walichapisha jaribio lililofanyiwa wagonjwa 30 wa sonona ambao dawa za kawaida hazikuwa zimewaponya vya kutosha. Waliodungwa katika msuli wa ndita walipata nafuu kuliko waliodungwa maji ya chumvi. Wagonjwa 30 ni wachache mno kuamulia jambo. Lakini iwapo ndita huulisha moyo huzuni, basi kuzizuia ndita ni kuinyima huzuni hiyo chakula chake. Hapo sindano yaweza kuwa rehema. Yule yule anayepunguziwa uwezo wa kuionyesha huzuni apunguziwa pia, pengine, mzigo wa kuihisi. Je, hiyo ni faida au ni hasara? Jibu moja halitatosha, kwa kuwa mgonjwa wa sonona na mtambaji wa ngano hawana haja sawa na nyusi zao.

Lisilokuwa na mjadala ni hatari ya kuichezea. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za aina hii ziambatanishwe na onyo kali, kuwa sumu yaweza kusambaa kutoka ilipodungwa ikamzuia mtu kumeza au kupumua. Kwa mikono ya daktari na kwa vipimo vya urembo vilivyoidhinishwa, jambo hilo ni nadra; linalotokea mara kwa mara ni maumivu ya kichwa au kope iliyolegea. Balaa huanza pale bidhaa inapokuwa ya magendo na mdungaji anapokuwa hana ujuzi. Mwaka 2024, majimbo 11 ya Marekani yalikuwa yameripoti watu 22 walioathirika baada ya kudungwa bidhaa bandia au kudungwa na wasiostahili. Mwaka 2025, Uingereza ilitangaza visa 38 vya ugonjwa ule ule alioueleza Kerner, vikihusishwa na bidhaa zisizoidhinishwa. Nchi hiyo ilikuwa tayari imepiga marufuku, tangu Oktoba 2021 huko England, kuwadunga kwa ajili ya urembo walio chini ya miaka 18. Safari ya miaka mia mbili iliyoanza kwa wanakijiji wasioweza kumeza imewarudia watu wa mjini, safari hii wakiwa wamelipia.

Iko pia habari ya ngamia. Nchini Saudia hufanyika kila mwaka tamasha kubwa ambamo ngamia hushindania uzuri wa midomo, shingo na nundu, kwa zawadi za mamilioni ya dola. Mwaka 2018 ngamia 12 waliondolewa mashindanoni baada ya kugunduliwa kuwa wamedungwa Botox. Mwaka 2021 zaidi ya 40 waliondolewa kwa hila hiyo na nyinginezo. Waamuzi walishika msimamo kuwa uzuri uliotiwa kwa sindano ni udanganyifu. Ngamia maskini, ambaye hakuomba kudungwa, alirudishwa malishoni kwa aibu. Inachekesha, ila ina funzo lake: binadamu wamemwekea ngamia sharti la uso wa kweli, huku wakimwekea mwanamke sharti la kinyume.

Kauli ya kutendua ina mipaka yake, na lugha yenyewe ndiyo inayoionyesha. Kiswahili kimekubali kunja izae kunjua, na funga izae fungua. Lakini kimekataa katakata kuipa kauli hiyo zeeka. Hakuna aliyewahi kuzeekua. Waliounda maneno haya, kizazi baada ya kizazi, walijua lipi laweza kurudishwa nyuma na lipi haliwezi, nao hawakupoteza kiambishi mahali ambapo hakingefaa kitu. Anayetaka kwenda kukunjuliwa ndita na aende, mradi achunguze kwanza aliyeishika sindano na kilichomo ndani yake. Aende akijua kuwa anakopa miezi mitatu, minne. Miaka yake itabaki pale pale, nje ya sarufi ya sindano, ikimngoja arudi.